Kondoo hashiki mimba, mwanakondoo hakui: pa kuanzia kutafuta chanzo

Kwa kondoo, tatizo na chanzo chake huachana kwa miezi. Jike aliyekonda Oktoba, ukame ukiwa umekaza, ndiye anayeshindwa kushika mimba Novemba. Dume aliyepigwa na homa mwezi wa sita ndiye anayepanda mwezi wa saba bila mafanikio. Mwanakondoo anayezaliwa na kilo moja na nusu alipunjwa akiwa bado tumboni. Ndiyo maana mfugaji akija kuniuliza sindano "ya kuleta joto" au "ya kukuza", mimi humuuliza kwanza wanyama wake walikuwa wanakula nini miezi miwili mitatu iliyopita, na walikunywa maji ya wapi. Mara nyingi baada ya majibu hayo habari ya sindano inaisha yenyewe.

Huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, Kilimanjaro na Arusha, kuna ufugaji wa aina mbili, na dalili ileile inaweza kuwa na vyanzo tofauti kabisa. Mlimani (Marangu, Uru, Kibosho, Machame, na upande wa Meru kule Akheri na Nkoaranga) kondoo wanne watano wanafungiwa bandani pembeni ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, na kukatiwa majani. Tambarare, kuanzia Sanya hadi Monduli na Longido, wanachungwa. Wa bandani hula chakula cha aina moja mwaka mzima. Wa kuchungwa hushiba msimu mmoja na kufunga mkanda msimu unaofuata. Mfugaji wa bandani nitamchimba kuhusu protini, anayechunga nitamchimba kuhusu kalenda.

Shika mgongo kwanza

Kondoo hupimwa kwa mkono. Manyoya huficha mbavu, tumbo lililojaa mabua huonekana kama shibe, na Kondoo Mwekundu wa Kimasai anaweza kubaki na mkia mnene wakati mgongo umeshakwisha. Ukienda mnada wa Weruweru, watazame wanunuzi wazoefu. Mkono wa kushoto unamshika kondoo kidevuni. Wa kulia unashuka nyuma ya ubavu wa mwisho, vidole vinakandamiza uti wa mgongo na zile ncha za mifupa zinazotokeza pembeni mwa kiuno, kisha vinalibana shina la mkia. Anaachia, anataja bei. Tumbo hakuliangalia hata kidogo.

Fanya hivyohivyo nyumbani. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mgongo ukisikika hivyo, kondoo amekonda, mpe 1 kwenye kipimo cha 1 hadi 5. Nyoosha mkono, pitisha kidole nyuma ya kiganja, mifupa inasikika ila imefunikwa: hiyo ni 3. Ukifikia ile nyama iliyo chini ya kidole gumba, ambapo mfupa hausikiki mpaka ukandamize, hiyo ni 4 kwenda juu. Jike anayekwenda kwa dume anatakiwa awe 2.5 hadi 3. Andika namba kwenye daftari, maana mwelekeo una uzito kuliko namba ya siku moja: jike anayenenepa wakati wa kupandwa hupevusha mayai mengi kuliko anayekonda, hata kama leo wote wawili ni 2.5.

Majike hawashiki mimba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole. Kauli ya "hawashiki" hubeba mambo matatu: hawaonyeshi joto kabisa, wanapandwa na kurudi baada ya siku 17 hivi, au wanapandwa, wanatulia, kisha wanarudi siku zisizoeleweka, ya 25, ya 33, ya 40. Ili ujue ni lipi, mpake dume kifuani udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta. Kila jike atakayepandwa atabaki na alama kiunoni. Baada ya siku 16 badilisha rangi, tumia masizi. Jike mwenye alama mbili za rangi tofauti amerudia.

Kama hakuna alama hata moja, anza na njaa. Kondoo wa Ulaya wengi husubiri siku zifupike ndipo waingie kwenye joto. Hawa wa kwetu wanaweza kupandwa mwaka mzima, na kinachowafungia mlango ni ukosefu wa chakula. Mwili ukikosa nguvu hupunguza homoni zinazoamsha mayai, na jike hukaa kimya hadi hali ibadilike. Anayenyonyesha akiwa amekonda ni vilevile. Jike mdogo naye usimhesabu kuwa tasa: asubiri afikie angalau theluthi mbili ya uzito wa mkubwa wa aina yake. Mama zake wakiwa na kilo 30, yeye chini ya 20 bado ni mtoto, hata kama ana mwaka na zaidi.

Tiba yake ni kumpandisha hali kabla ya dume. Wiki 2 hadi 3 kabla, mwongezee kila jike gramu 200 hadi 300 za pumba za mahindi na konzi ya mashudu ya alizeti kila siku, na uendelee hivyo wiki nyingine 2 au 3 dume akiwa ndani. Anayechunga anaweza kufanya hivyo bila kununua kitu, akiwa na alalili, yale malisho ambayo Wamasai huyafunga msimu wa mvua ili ndama na wanyama dhaifu wapate pa kula wakati wa kiangazi. Waingize humo majike unaotaka wapandwe. Ila usiwaongezee wale wa 4: mayai hayataongezeka, utakuwa umetupa pumba.

Kwa wa bandani kuna sababu nyingine ambayo haina uhusiano na chakula, na watu huisahau. Mbuzi akiwa kwenye joto hupiga kelele mpaka jirani anajua; kondoo hunyamaza. Joto lake huchukua kama siku moja hadi moja na nusu, na bila dume karibu hutaliona. Mtu anamkokota jike hadi kwa dume wa jirani mchana mmoja, anarudi naye jioni, kisha anasema jike ni mgumba. Mwache kwa jirani siku 20, changia majani, ndipo mzunguko mmoja mzima utakuwa umepita mbele ya dume.

Sasa wale wanaorudi baada ya siku 17. Wakirudi mmoja wawili kati ya kumi, kagua hao. Wakirudi karibu wote, muangalie dume. Mbegu huchukua takriban wiki 7 kutengenezwa, na kabla hazijawa tayari kutoka miezi miwili inakuwa inakaribia. Hivyo dume anayeanza kulishwa vizuri siku anapoingizwa kwa majike amechelewa sana. Homa, kidonda cha mguu, au kushinda kwenye banda la bati la chini wakati wa jua kali, yote huharibu mbegu za wiki zijazo huku yeye mwenyewe akionekana mzima na mwenye hamu. Papasa kokwa: ziwe mbili, zinazolingana, imara, bila uvimbe. Tazama kwato pia. Dume wa bandani hatembei, kwato hurefuka, na mwenye miguu inayouma hapandi sawasawa. Kuhusu mashudu ya pamba, yana kemikali iitwayo gosipoli ambayo ikizidi hupunguza ubora wa mbegu za dume; ya alizeti ni salama zaidi kwake, na hapa kaskazini yanapatikana.

Dume mkomavu mmoja anatosha majike 25 hadi 30, kijana usimpe zaidi ya 15. Na kama umenunua dume wa Dorper, aina ya kigeni ya kondoo wa nyama, ili uboreshe majike wako wenye mkia wa mafuta, mchunguze akiwa kazini. Dume asiyezoea mkia mnene anaweza kupanda mara kumi asifike. Wachungaji wazoefu huusogeza mkia pembeni kwa mkono mara chache za mwanzo, na hakuna aibu yoyote kufanya hivyo.

Wanaorudi siku zisizoeleweka walishika mimba ikafa mapema. Mwezi wa kwanza kijusi hakijajishikiza vizuri. Njaa ya ghafla, safari ndefu ya kuhamisha kundi au kukimbizwa na mbwa inatosha kukitoa. Pia albendazoli, dawa ya minyoo inayouzwa kila duka, haifai kwa jike ndani ya mwezi wa kwanza tangu apandwe, kwa sababu hudhuru kijusi. Mpe dawa kabla ya dume, au subiri.

Mwezi gani dume aingie?

Mimba ya kondoo ni miezi mitano, siku 147 hadi 150. Asilimia 70 hivi ya ukuaji wa mtoto tumboni hutokea wiki 6 za mwisho, na maziwa hufika kilele wiki ya 3 hadi ya 4 baada ya kuzaa. Kwa hiyo unatafuta miezi mitatu ya shibe inayoanzia mwezi na nusu kabla ya kuzaa. Mvua zetu, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba, hazikupi hiyo bure.

Dume akiingia Juni, majike wametoka masika wakiwa wamenona, wanashika vizuri na mapacha huwa wengi. Watazaa Novemba, majani ya vuli yakichipua. Tatizo ni kwamba zile wiki 6 za mwisho zinaangukia Oktoba, mwisho wa kiangazi, malisho yakiwa yamekwisha, na bila marobota ya hei au mabua yaliyowekwa mapema utavuna wanakondoo dhaifu. Dume akiingia Desemba, wiki za mwisho zinaangukia masika na majike watakuwa na maziwa tele, ila wanazaa Mei kwenye matope na minyoo, na mlimani baridi ya Juni na Julai inawakuta wachanga.

Mimi naegemea Juni kwa anayeweza kuhifadhi chakula cha mwezi mmoja na nusu, kwa sababu mwanakondoo wa Novemba anakuwa na mwaka na ushee Desemba ya mwaka unaofuata, watu wanapopanda kutoka Dar kuja nyumbani na bei ya nyama ikiwa ya sikukuu. Asiyeweza kuhifadhi aende na Desemba, ila ajenge kizizi kikavu chenye ukuta upande wa upepo. La kumwacha dume na majike mwaka mzima silipendi. Wamasai walilitatua zamani kwa kumfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda nje ya msimu, na kipande cha turubai kinafanya kazi ileile.

Mimba zinatoka

Mimba moja ikitoka kwenye kundi la kumi, inaweza kuwa kupigwa pembe, njaa kali, au majani yaliyooza kwa ukungu. Zikitoka tatu nne ndani ya wiki mbili, acha kufikiria chakula. Hapo kuna ugonjwa wa kuambukiza: brusela, klamidia, toksoplasma, au, baada ya mvua zisizo za kawaida na mbu wengi, homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2007 ulifika mkoa wa Arusha, Ngorongoro ikiwemo, na uliua watu. Usishike kondo la nyuma wala kijusi kwa mikono mitupu, usiwape mbwa, usinywe maziwa yasiyochemshwa. Mpigie mtaalamu wa mifugo wa kata siku hiyohiyo, sampuli zipelekwe maabara ya mifugo ya TVLA Arusha. Mapema ndiyo salama, kwa kuwa kijusi kilicholala jua kutwa nzima hakina faida tena maabara.

Jike mwenye mimba kubwa anajitenga na hataki kula

Huyu ana siku chache. Ni wiki mbili tatu kabla ya kuzaa, mara nyingi ana mapacha, na ni aidha aliyekonda sana au aliyenenepa kupita kiasi. Anasimama pembeni, kichwa kimeinama, haoni vizuri, anagonga ukuta, anasaga meno. Sogea unuse pumzi yake: ikinukia utamu mkali unaofanana na ule wa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ni sumu ya mimba. Watoto tumboni wanadai sukari kuliko anayoipata mama, naye anayeyusha mafuta yake mwenyewe kwa kasi, na ini linazidiwa. Tumbo nalo limejaa watoto, nafasi ya mabua haipo tena, kwa hiyo hata akila kutwa nzima hatoshelezi.

Akiwa bado anasimama na kumeza vizuri, mnyweshe taratibu molasi iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku, na mletee majani mabichi anayoyapenda pale alipo. Molasi hapa si ya kutafuta, kiwanda cha sukari cha TPC kipo hapohapo Moshi. Akilala asiamke, usimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni. Anahitaji glukosi ya mshipani, na mtaalamu aamue kama azalishwe mapema.

Kuna ugonjwa unaofanana nao sana: upungufu wa kalsiamu. Huu huja ghafla, mara nyingi baada ya safari au kubadilishiwa chakula. Jike anatetemeka, anayumba, anaanguka na miguu ya nyuma imenyooka. Akipata sindano ya kalsiamu husimama ndani ya saa moja au mbili, na kusimama huko ndiko kunakokuthibitishia ulikuwa ugonjwa gani.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: wiki 6 kabla ya kuzaa anza kumpa gramu 100 za pumba na mashudu, panda polepole hadi 300 au 400 kwa mwenye mapacha. Usimpunguzie mnene ili akonde. Hapo ndipo utakapomletea ugonjwa.

Wanazaliwa wadogo, au wanakufa siku tatu za mwanzo

Mwanakondoo wa aina zetu azaliwe na kilo 2.5 au zaidi, mapacha chini kidogo ya hapo. Aliye chini ya kilo 2 hana akiba ya mafuta ya kumpasha joto, na usiku mmoja wa baridi unamaliza kazi. Rudi nyuma ukague zile wiki 6.

Mzito wa kutosha akifa, uliza kuhusu dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Anahitaji mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 2 za mwanzo, yaani mililita 125 kwa wa kilo 2.5, na takriban nusu lita ifikapo saa 24. Baada ya saa hizo utumbo hufunga mlango, kinga haipiti tena hata akinywa ndoo. Tia kidole mdomoni mwake: mdomo wa baridi usiovuta ni dharura. Mpashe joto, kisha mkamulie mama yake. Mama asipokuwa na kitu, chuchu zikiwa zimezibwa na nta, zifinye kwanza zizibuke. Chuchu zikiwa wazi na kiwele ni kitupu, jike alikosa protini miezi ya mwisho, wala hakuna sindano itakayojaza kiwele kitupu.

Dalili moja ya milimani isikupite: wachanga wanaozaliwa dhaifu, manyoya haba, na uvimbe kooni. Huo ni upungufu wa madini joto, na huzidi kwa majike wanaolishwa majani ya kabichi kwa wingi wakati wa mimba. Chumvi yenye madini joto kwenye hori, mwaka mzima, ndiyo dawa.

Amefikisha miezi mitatu na bado ni mdogo

Mpime. Mzani wa kuning'iniza na gunia vinatosha. Asiyeongezeka hata gramu 50 kwa siku ana tatizo, na matatizo yenyewe kwa huku ni manne: chakula hakina protini, minyoo, meno, au mama hakuwa na maziwa.

Protini kwanza. Mama mmoja wa Uru aliniita bandani kwake. "Mwanangu, wanakula kutwa nzima, mbona hawanenepi?" Ndani ya hori kulikuwa na migomba iliyokatwakatwa, nyeupe, inachuruzika, na juu yake mabingobingo yaliyokomaa, mashina magumu ya kidole. "Mama, hapa wanakunywa zaidi kuliko wanavyokula," nilimwambia. Zaidi ya asilimia 90 ya mgomba ni maji. Unasaidia wakati wa kiangazi kama kinywaji, basi. Mabingobingo yakizidi kimo cha kiuno protini yake inashuka, na mabua ya mahindi yana kama asilimia 4 au 5. Chini ya asilimia 7 au 8, vijidudu vya tumboni vinavyoyeyusha majani vinakosa nguvu za kufanya kazi, chakula kinakaa muda mrefu, na mnyama anashiba akiwa na njaa. Mwanakondoo anayekua anataka asilimia 14 hadi 16.

Vyenye protini vipo kihambani: miti ya lukina na kaliandra kwenye mipaka, majani ya viazi vitamu, mabaki ya maharage baada ya kupura. Lukina isizidi theluthi ya chakula cha siku, ikizidi manyoya yanaanza kutoka. Yule mama wa Uru nilimwambia akate mabingobingo yakiwa na wiki 6 hadi 8, na wadogo awawekee kona yenye nafasi ya wao tu kupenya, wapate pumba na mashudu bila kusukumwa na mama zao, kuanzia wiki ya pili ya maisha. Ila pumba ziongezwe polepole. Mwenye haraka ya sikukuu akijaza hori la pumba siku moja, tumbo linachachuka na mnyama anakufa akiwa mnono.

Minyoo ya tumbo, ile inayonyonya damu, haileti kuhara, na hilo linawapotosha wengi. Funua kope ya chini: ndani pakiwa pekundu, yuko salama, pakiwa peupe, damu imekwisha. Uvimbe laini chini ya taya unaoonekana zaidi jioni ni ishara nyingine. Minyoo 1,000 hunyonya karibu mililita 50 za damu kila siku, na mwanakondoo wa kilo 10 hana damu ya kuchezea.

Viluwiluwi vya minyoo hiyo hupanda majani yakiwa na umande na hukaa zaidi chini, sentimita chache kutoka ardhini. Kwa hiyo toa kundi umande ukikauka, saa 3 au saa 4 asubuhi, lakini fidia muda huo jioni. Nimeona makundi yanayotoka saa 4 na kurudi saa 10, na hapo mchungaji ameepuka minyoo akakaribisha njaa, kwani kondoo anataka saa 8 au zaidi za kula. Usiwakalishe sehemu moja zaidi ya siku 4 au 5 wakati wa mvua, wala usiwarudishe kabla ya wiki 5 au 6. Anayekata majani asikate yale ya kugusa udongo, na ya kingo za mfereji ayaogope zaidi: pale kuna konokono wanaobeba minyoo ya ini, ambayo ivermektini na levamisoli haziigusi.

Na hapa lishe inarudi tena. Jike akizaa kinga yake hushuka na mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake huongezeka kwa wiki kadhaa, wakati uleule mtoto anapoanza kudonoa majani. Aliyepata protini ya kutosha mwisho wa mimba hutoa mayai machache. Mashudu ya Oktoba, kwa hesabu hiyo, yanamkinga mwanakondoo wa Januari. Aina nayo ina nafasi yake: watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliolinganisha Dorper na Kondoo Wekundu wa Kimasai pwani ya Kenya miaka ya 1990 waliwakuta wa Kimasai wanahimili minyoo hiyo vizuri zaidi. Kwenye eneo bichi, kabla ya kuuza majike wako wekundu wote, waza mara mbili.

Meno. Upande wa Meru, Maji ya Chai, Ngarenanyuki na kuelekea Momela, maji yana floridi nyingi. Tunaona wenyewe kwenye meno ya watu. Kondoo anayekulia kwenye maji hayo, na kulambishwa magadi juu yake, hutoa meno yenye madoa, laini, yanayosagika bila kulingana. Anakula polepole, anadondosha majani yaliyotafunwa nusu, anakonda kwenye malisho mazuri, wengine wanachechemea. Meno yaliyokwisha kuota na ubovu hayarudi. Linda wadogo: maji ya mvua wakati wa msimu, na chumvi ya dukani badala ya magadi.

Anakojoa mkojo mwekundu, macho ya njano, anakufa siku mbili

Mara nyingi ni mnono, hakuwa na historia ya ugonjwa, na kupe si wengi. Kabla ya kulaumu kupe, uliza kuhusu shaba. Kondoo anahitaji miligramu 5 hadi 10 hivi za shaba kwenye kila kilo ya chakula kikavu, na zikizidi 25 kwa muda mrefu ini hujaza kimyakimya. Siku ya msukosuko, safari, njaa au kunyolewa, ini linaimwaga yote kwa mpigo na damu inapasuka.

Inatoka wapi? Madini ya ng'ombe, chakula cha nguruwe au cha kuku, mbolea ya kuku iliyochanganywa kwenye lishe. Na kwenye vihamba vyetu kuna njia moja zaidi: majani yaliyo chini ya mibuni iliyopuliziwa mrututu au dawa nyingine ya kopa, ambayo ndiyo hiyo shaba, dhidi ya magonjwa ya kahawa ya kutu na chulebuni. Mama anapalilia, anakusanya majani, anawapa kondoo, msimu baada ya msimu. Mwenye aina mpya za kahawa za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zinazostahimili magonjwa hayo hupulizia kidogo au hapulizii kabisa, lakini mwenye mibuni ya zamani asiwalishe kondoo majani ya chini yake; ng'ombe humudu zaidi. Ukimpoteza mmoja kwa dalili hizi, waondolee wote waliobaki chanzo hicho siku hiyohiyo, usiwakimbize wala kuwasafirisha, na umwite mtaalamu mapema, kwa kuwa waliobaki wanaweza kuwa na maini yaliyojaa vilevile.